Shotigani ya babu: itengenezwe au ipumzishwe?

Pole kwa msiba, mdogo wangu. Unauliza kama umpe fundi shotigani ya marehemu babu, ya mitutu miwili, inayocheza kwenye bawaba, au uachane nayo.

Kabla ya fundi, polisi. Hapa Tanzania leseni ilikuwa ya babu mwenyewe, haihami na mirathi. Nenda kituoni bila kuibeba, ueleze, wakuelekeze namna ya kuikabidhi. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mzaha.

Ukipata kibali, tafuta fundi wa silaha mwenye leseni (si yule anayechomelea mageti!). Aanze na mitutu. Ikiwa na michirizi kama ya mkeka, ni chuma kilichosokotwa, cha zama za baruti nyeusi. Risasi za leo zinaweza kuipasua mikononi mwako. Hapo mimi nisingetoa hata shilingi. Kutu iliyochimba ndani, vivyo hivyo. Chemba (pale risasi inapokaa) zipimwe urefu pia: nyingi za zamani za Ulaya ni za milimita 65, risasi za sasa ni 70 na zaidi, kwa hiyo haziendani.

Kitako kilichopasuka hutengenezeka. Bawaba nayo hukazwa, ila gharama yake huenda ikaizidi thamani ya bunduki. Na usiijaribu kwa kufyatua.