Kujiunga na msafara wa baiskeli San Francisco
Ndugu, umeuliza kama mtu aliyeacha baiskeli miaka mingi anaweza kujiunga na msafara wa Critical Mass hapo San Francisco. Anaweza, kwa kuwa msafara huo, ulioanza Septemba 1992 na unaofanyika jioni ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi, hauna kiongozi wala ada. Kaa katikati ya kundi. Kwenye makutano utaona waendeshaji wawili watatu wakisimama mbele ya magari hadi wenzao wapite. Kazi hiyo waachie wazoefu, maana hapo ndipo matusi huanzia. Kabla ya kutoka, binya breki ya mbele na uisukume baiskeli: gurudumu likizunguka, usiteremke nayo milima ya mji huo. Funga na taa kwenye baiskeli, giza litawakuta njiani.