Yaya, revi imenikubali kwa siku 4, nilipe ao nisilipe?

Mwezi huu barua karibu zote zimetoka kwa ma-asistanti na wenye kuandaa doktora, naona msimu wa kupanda grade umefika hapa Bukavu na kila mtu anatafuta artikili mbili tatu za kuweka ku dosie. Sawa basi, tuongelee artikili na revi, yaani majarida ya utafiti yenye yanazitangaza.

Jambo Yaya. Mimi ni asistanti ku iniversite moja hapa mjini, mwaka wa tatu sasa. Nilifanya utafiti juu ya bamama benye banauzisha sambaza ku soko ya Kadutu, namna banapataka makuta ya kuanzisha biashara. Mwezi wa 3 nilituma artikili ku revi moja ya Ulaya, bakanyamaza. Nikaona wakati unapita, mwezi wa 5 nikatuma ile ile ku revi ingine yenye iliniandikia yenyewe ku imeili, inaniita "mtafiti mashuhuri". Siku 4 tu bakajibu: imekubaliwa, bila kugusa hata koma moja, nilipe dola 350. Bibi yangu anasema tutumie makuta yake ya likelemba, ile ya kuchangiana kwa zamu. Sasa juzi ile revi ya kwanza nayo imejibu, wahakiki 2 wameandika kurasa 5 za masahihisho! Shefu wangu anasema lipa tu, artikili ni artikili. Nifanye je?

Mdogo wangu, kwanza ile makuta ya likelemba ibaki kwa bibi yako. Mengine tutaongea polepole.

Siku 4. Fikiria kazi yenyewe inavyoendaka: mhariri anasoma, akiona iko sawa anatafuta watu wawili ao watatu wenye wanajua mambo ya biashara ndogo za wanawake, anawaandikia, mmoja anakataa, mwingine hajibu, wa tatu anakubali lakini ako na masomo ya kufundisha na mitihani ya kusahihisha, na hakuna mwenye anamlipa kwa kusoma kazi yako, anafanya bure. Ndiyo maana inachukua miezi. Sasa hao wako wa siku 4 walisoma saa ngapi? Hawakukuuliza uliongea na bamama wangapi, hawakukuuliza uliwachagua namna gani, hata koma haikuwasumbua! Wao walisoma kitu kimoja tu, adresi yako ya imeili.

Hizo revi ziko na jina lao. Kuna mtunza maktaba mmoja wa Colorado kule Marekani, Jeffrey Beall, yeye ndiye aliwaita wawindaji, akatengeneza na liste yao yenye watu walikuwa wanaangalia dunia nzima, mpaka mwezi wa 1 mwaka 2017 akaitoa ku intaneti. Kopi zake bado zinatembea ku WhatsApp za ma-asistanti, lakini imezeeka, usiitegemee. Mimi ninaangaliaka kwingine: DOAJ, yenye ilianzia Lund kule Sweden mwaka 2003, inaorodhesha revi za kusoma bure zenye zimepita mtihani fulani, na AJOL ya Afrika ya Kusini, toka 1998, kwa revi za bara letu. Na kama revi inasema iko ndani ya Scopus, ile liste kubwa ya revi za dunia, usiamini logo yenye wamebandika ku saiti yao, ingia ku liste ya Scopus yenyewe utafute jina, na uangalie vizuri sababu kuna wezi wenye wanakopia saiti ya revi ya kweli, jina lile lile, namba ya ISSN ile ile, ila makuta inaenda kwao.

ISSN yenyewe isikutishe. Ni namba 8 tu, ni kama plaki ya taksi, inakuambia ni gari gani, haikuambii kama shofa anajua kuendesha.

Mimi nayakosoa haya lakini hata mimi niliingia humo, mwaka 2014 nililipa dola 200, artikili ikatoka wiki ile ile, nikafurahi, nikanunulia watu fanta. Miaka miwili baadaye saiti ikakufa na artikili ikafa nayo. Kazi ya miezi 8 na siwezi kuituma kwingine juu ilishatokaka. Hiyo njo hasara yenyewe, dola 200 nilishasahau.

Sasa tuje kwa kosa lako wewe, sababu liko. Kutuma artikili moja ku revi mbili kwa wakati mmoja hairuhusiwi, na revi karibu zote zinakuuliza wakati wa kutuma kama kazi hii iko kwingine, uweke alama. Najua walikunyamazia miezi. Lakini wakikunyamazia unawaandikia kuuliza, na ukichoka unawaandikia kama unaitoa, unangoja wathibitishe, halafu ndio unapeleka kwingine. Fikiria zingetoka zote mbili: moja ao zote wanaziondoa na wanaandika hadharani kwamba zimeondolewa na sababu gani, na hiyo taarifa inabaki ku intaneti na jina lako juu.

Kwa hiyo leo, si kesho, andikia ile revi ya siku 4: unaitoa kazi yako, hauruhusu waitangaze. Kama haujasaini karatasi ya haki miliki, usiisaini. Watakuomba "faranga za kuondoa", wanapenda sana hiyo, wengine wanatisha mpaka na mahakama. Usilipe, usibishane, tunza imeili zote. Haraka ni juu ya kitu kimoja: wakishaiweka ku saiti yao, revi ya kwanza inaweza kusema hii kazi imeshatoka, hatuitaki tena.

Halafu mwandikie mhariri wa revi ya kwanza umwambie ukweli, mistari 5 inatosha. Najua unaogopa. Lakini kuna kamati inaitwa COPE, ilianzia Uingereza mwaka 1997, revi nyingi zinafuata njia zake, na mule hatua ya kwanza mhariri akishuku kitu ni kumuuliza mwandishi ajieleze. Sasa akisikia kwako mbele ya kusikia kwingine ni tofauti kubwa. Anaweza kukataa, sikufichi, lakini wengi wanaelewa mtu aliyenaswa na wawindaji akasema mwenyewe.

Na zile kurasa 5, mdogo wangu, watu wawili wenye hawakujui walikaa na sambaza zako siku nzima! Chukua kila neno walilosema, liweke kwa namba, chini yake andika ulibadilisha nini na ku ukurasa gani. Kama mhakiki amekosea unaweza kukataa, kwa heshima na kwa sababu, hakuna mwenye atakasirika.

Juu ya makuta: kuna revi za kweli zenye zinalipisha, tena sana, Nature mwaka 2021 iliweka euro 9,500 kwa mwandishi mwenye anataka kazi yake isomwe bure na wote. Lakini nchi yetu iko ku kundi A la Research4Life, mpango wa kusaidia watafiti wa nchi zenye makuta kidogo, na wachapishaji wengi, PLOS kwa mfano, wanasamehe malipo yote kwa watafiti wa nchi za kundi hilo. Omba wakati wa kutuma, usingoje wakukubalie kwanza. Na ziko nyingi zenye haziombi hata senti, shefu wako hajui tu.

Yaya aksanti kwa kazi yako. Mimi ni mwanamke, niko naandaa doktora, mambo ya kilimo. Nilipita miezi 6 ku bonde ya Ruzizi, Kamanyola mpaka Sange, kuuliza wakulima juu ya mihogo. Vijana 2 walinisaidia kuuliza maswali. Artikili nimeandika mimi. Sasa prof wangu anataka jina lake litangulie, na jina la rafiki yake mwenye sijawahi kumuona lifuate, mimi niwe wa 3. Nikikataa nitamaliza doktora kweli?

Dada, hapa niko na hasira lakini nitaandika kwa upole sababu ni wewe utakaa mbele yake, mimi nitakuwa kwangu nakula bugali.

Sheria yenye revi nyingi zinafuata ni ya kamati ya wahariri wa revi za matibabu, ICMJE, na watu wa kilimo nao wanaitumia. Inaomba mambo 4 kwa mtu mmoja, yote manne pamoja: awe amechangia kwa kweli kupanga utafiti ao kukusanya ao kuchambua, awe ameandika ao amesahihisha mambo ya maana ndani, awe amekubali nakala ya mwisho, na awe tayari kujibu siku ikiulizwa swali. Kupata makuta ya utafiti peke yake haitoshi, kuwa shefu wa departema nayo haitoshi.

Prof wako, kama alipanga na wewe maswali na akasoma ile kazi akaikata kata kwa kalamu nyekundu, jina lake liko na haki ya kuwemo. Ku sehemu nyingi mwenye kusimamia anakaa mwisho, na mwisho si aibu, ku sayansi wengi wanaangalia wa kwanza na wa mwisho. Rafiki yake hapana. Hiyo ni zawadi, na zawadi yenyewe haitoki mfukoni mwake. Vijana wako wawili kama waliuliza maswali tu, uwashukuru kwa majina mwisho wa artikili, wakubali kwanza. Kama walikaa kuchambua na kuandika na wewe, hapo ni kitu kingine, wapewe nafasi ya kutimiza yale yaliyobaki.

Hii mambo ya majina kwetu iko na historia. Mwaka 1976 kule Yambuku, Ebola ilipotokea kwetu, daktari wetu Muyembe ndiye alifika kati ya watu wa kwanza, akachukua damu ya wagonjwa bila hata gan ku mikono, akamleta sista mmoja mgonjwa Kinshasa, na damu yake ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji. Wazungu wa Antwerp wakajulikana dunia nzima na Ebola, yeye ilibidi angoje miaka na miaka. Tunalia juu ya hiyo, na tuko sawa kulia, halafu jioni prof anafanya vile vile kwa binti aliyetembea Kamanyola na jua!

Sasa utaongea naye namna gani. Usiongee mbele ya watu, na usitume sheria kwa WhatsApp. Mfuate ku biro, mwambie: "Prof, revi inaomba niandike kila mtu alifanya kazi gani, nani alipanga, nani alikusanya, nani aliandika. Kwa huyu mkubwa, rafiki yako, niandike nini?" Halafu unyamaze. Si wewe unakatala, ni fomu. Na fomu ni ya kweli, revi nyingi sasa zinaiomba, na zinatuma imeili kwa kila mwandishi kumuuliza kama anakubali. Nimeona jina likitoka lenyewe kwa dakika 2. Na kwa artikili ingine muandike mpango wa majina mbele ya kwenda ku bonde, hata imeili fupi, sababu kubadilisha majina baada ya kutuma kunaomba sahihi za wote.

Haujanieleza kama ulipata ruhusa ya komite ya etike mbele ya kuanza. Natumaini ndiyo. Baada ya kazi hawaitoi.

Yaya, memwari yangu ya kumaliza masomo nimeigeuza artikili, Turnitin, ile programu ya kulinganisha maandishi, inasema 34%. Nimekwisha? Na ChatGPT naweza kutumia kutafsiri kutoka Kifaransa?

Haujakwisha. Ile namba inahesabu maneno yanayofanana, haijui kama ni wizi. Fungua ripoti uone 34% inatoka wapi: kama ni memwari yako mwenyewe, sema ndani ya artikili kwamba imetokana na memwari, revi nyingi zinakubali, uliza mhariri. Kama ni paragrafi mbili za mtu mwingine bila kumtaja, hata ingekuwa 6% uko na shida. ChatGPT kutafsiri unaweza, ila soma sheria za revi na uandike kama uliitumia. Jina lake halikai kati ya waandishi, COPE ilisema wazi mwaka 2023, sababu mashine haiwezi kujibu siku ya maswali. Na marejeo usiyatoe kwake hata moja, inabuni vitabu na wenye kuviandika, inabuni vizuri kabisa.

Kuna revi zenye zinapokea artikili ya Kiswahili?

Ziko, ndugu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha, na kuna Swahili Forum ya kule Ujerumani yenye unasoma bure ku intaneti. Ni za lugha, fasihi na utamaduni zaidi, kwa hiyo mihogo ya dada wa hapo juu sijui kama wataipenda. Jiandae tu, "ao" zetu zote watazigeuza kuwa "au".