Tope, chumvi na maswali yenu

Maswali ya tope yamejaa, na nusu yake ni lile lile, basi naanza nalo niondokane nalo.

Ukingo wetu wa tope huku Micheweni unaliwa, watu wanasema chumvi ya bahari ndo inayeyusha udongo. Kweli?

Si kweli, na nshajibu hili mpaka nimechoka. Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi ya umeme, zenyewe kwa zenyewe zinasukumana, sasa chumvi ikiingia ule msukumano unapungua, zinagandana mabonge mabonge na kutua chini. Chukua gilasi mbili za maji ya mvua, tia tope lile lile, moja iongeze kijiko cha chumvi, koroga uache. Yenye chumvi ndo itakayotulia mwanzo. Na tope lililokaa kwenye chumvi likajikaza, mara nyingi mkondo unapata tabu zaidi kulibeba. Kinachokula ukingo wenu ni mawimbi, na alowafungulia mlango mnamjua, ni mkata mikoko.

Bamvua, maji makuu ya bahari, liliingia konde letu la mpunga, tukajenga tuta kwa udongo wa hapo hapo. Kiangazi likawa zima, masika kuanza tu likatoboka. Chumvi si inashika?

Hili ndo swali! Inashika ikiwepo. Maji ya bahari yakilowesha udongo, sodiamu iliyomo kwenye chumvi inakaa kwenye mfinyanzi na kuifukuza kalsiamu, lakini hamuoni kitu maana chumvi yenyewe bado imo. Ikija mvua inaosha chumvi, sodiamu inabaki imeng'ang'ania, udongo unavimba, unaachana, maji yanatoka meupe kama ya kuoshea mchele na yanatoboa njia ndani kwa ndani mpaka tuta linakaa chini. Kule Rissa, Norwe, mwaka 1978 ardhi nzima iliporomoka na nyumba zake, udongo ulotuama baharini zamani halafu maji matamu yakauosha chumvi karne kwa karne. Si sawasawa na tuta lenu, lakini undugu upo.

Kabla ya kujenga tena, dondosha kidonge cha udongo kikavu kwenye gilasi ya maji ya mvua, usikitikise. Kikizungukwa na ukungu, udongo huo haufai, tafuteni wa mahali pa mwinuko ambao bahari haijaufikia. Msitumie maji ya kisima, visima vyetu vingi vimo kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana kalsiamu na yatakudanganya. Konde lenyewe linataka jasi, kalsiamu yake iitoe sodiamu, na mtaro wa kutoa maji.

Basi nimwage chumvi kwenye tuta?

Usimwage, mvua itaiosha na sodiamu itabaki.

Mchanga wa ufukweni Jambiani nao unashikwa na chumvi?

Mchanga si mfinyanzi bwana, chembe zake kubwa, habari ya chaji haiuhusu.

Tukikata mikoko michache tu ya kuni za tanuri la chokaa, ukingo si utashikwa na chumvi?

Michache, kila mtu michache! Chumvi haivunji wimbi, mizizi ndo inavunja. Na ule utando unaoteleza juu ya tope, wa mimea midogo isoonekana kwa macho, nao unagandisha tope kama gundi, mkishakata na kuburura magogo juu yake mmeutia kisu.

Tunataka kupanda upya, tuanze na upi?

Mbele kabisa kwenye mawimbi ni kwao mlilana, mmoja katika miti ya mikoko, na ule unaoitwa mkoko hasa unakaa nyuma yake. Musende kuchomeka mkoko mbele kwa vile mbegu zake nyepesi kuchomeka, halafu mwakani mnaniuliza kwa nini vyote vimekufa.