Mgeni akitaka kuona mawindo Nakuru, mpeleke kwa fisi

Wadogo zangu mnaoanza kuzungusha wageni Hifadhi ya Ziwa Nakuru, iko siku mtapata mgeni aliyewahi kutetemeka kwenye theluji ya bonde la Lamar, Yellowstone kule Marekani, akitazama mbwa mwitu wa kule (wolf, si hawa wa kwetu Afrika) wakiwinda elki, wale kulungu wakubwa. Atauliza kama hapa kuna mawindo ya namna hiyo. Wengi mtamtajia simba. Mimi nasema fisi.

Simba huvizia, zile sekunde chache za mwisho zikikupita, hukuona kitu. Fisi madoa huwinda kwa mbio. Huchokoza kundi, hutazama nani anachechemea, kisha humng'ang'ania huyo huyo mpaka pumzi zimwishie. Mbwa mwitu wa Yellowstone nao hufanya vivyo hivyo. Na hizo hadithi za fisi mla makombo zisiwapotoshe: mtafiti wa wanyama Hans Kruuk aliwafuatilia Serengeti na Ngorongoro miaka ya 1960, akaonyesha kuwa chakula chao kingi hukiua wenyewe. Ngorongoro, mara nyingi simba ndiye aliyewapora.

Kule Yellowstone theluji humfichua mwindaji tangu mbali. Hapa nyasi humficha. Kwa hiyo ukishaingia, usihangaike kumtafuta fisi. Tazama kuro, pundamilia, nyati. Kuro mmoja akiinua kichwa si habari. Watano wakielekeza masikio kwenye kichaka kimoja, zima injini. Swala pala akikoroma kwa pua, usiiwashe tena.

Halafu soma nafasi wanayoiacha. Fisi anayepita zake, wanyama humpisha hatua chache wakaendelea kula. Akitimua mbio fupi katikati yao, akasimama ghafla, akawatazama wanavyokimbia, basi ameanza kazi: anachagua. Hapo ndipo umwonyeshe mgeni yule wa nyuma, kabla fisi hajamfuata. Akimwona mwenyewe, hata mbio zikiambulia patupu (na nyingi huambulia patupu), hatalalamika.

Julai hutusaidia. Mji huu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya asubuhi huwaacha fisi wakizurura hata jua likishatoka. Lango hufunguliwa saa kumi na mbili. Malizeni malipo usiku, mbebe na blanketi. Mgeni anayetetemeka huomba kurudi hotelini mapema.

Ziwani msiahidi sana. Fisi na bweha hukamata flamingo ufukweni, lakini tangu maji yalipopanda, flamingo wengi huonekana zaidi Bogoria na Elementaita.

La redio nalisema kwa ukali. Usitangaze mawindo yakiendelea. Vani tatu zikija kwa kasi, moja lazima itakata njia kati ya fisi na windo lake, na umeshamnyima mtu chakula. Tangaza wakishaanza kula. Mgeni akikusihi utoke barabarani "kidogo tu", mkono ukiwa tayari mfukoni, kataa, kisha mpe darubini.