Mhariri Anajibu: Jogoo Amewika Tena

Salaam wasomaji. Barua za mwezi huu ni nyingi na karibu zote zinalalamika, nimechukua 4 tu.

SWALI: Mhariri, tangu mwaka jana nimewatumia hadithi 4, zote mmezikataa na hamsemi sababu. Hapo kwenu ni kujuana ama? (Kijana mwenye uchungu, Kilifi)

Pole ndugu yangu, huo uchungu naujua manake na mimi nishakataliwa sana. Lakini kujuana hakuna, nikisoma hadithi jina nalifunika kwanza. Nimerudi nikazitafuta hizo zako. Ya kwanza inaanza na jogoo akiwika, ya pili jua linachomoza matlai, ya tatu binti anaamka anapiga miayo, ya nne jogoo tena, nadhani ni yule yule. Sasa mimi nimezaliwa Pwani, kuku tulikuwa nao, na sikumbuki hata siku moja nimeamshwa na jogoo, mimi nilikuwa naamshwa na mamangu akigombana na jirani kuhusu zamu ya kufagia uwanja.

Lakini ile ya tatu, ya binti anayeishi kwa shangazi yake, iko na kitu kizuri mno ukurasa wa 3, pale shangazi anahesabu vipande vya mkate kabla hajaenda kazini na akirudi anahesabu tena. Hapo nilikaa kitako. Kumbe unajua! Halafu ukaniangusha, ukamgongesha shangazi na matatu ukafunga na methali ya mchimba kisima. Nani kakwambia lazima agongwe? Wanaohesabu mkate tunawajua wengi tu na wako salama salmini, wengine ndio hao wanatualika Idi. Toa jogoo, toa matatu, anza na mkate, nitumie tena.

SWALI: Unawacheka watoto kwa kuandika misemo ya kukariri, lakini sisi walimu ndio tunawafunza hivyo na wazazi wanataka maksi. Nifanyeje? (Mwalimu, Kakamega)

Mwalimu mwenzangu, sikucheki, mimi nilikuwa mbaya kukushinda. Kabla sijaingia hii kazi ya kuhariri nilifunza Kiswahili darasa la 7 na la 8, zama za KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, insha iko na maksi 40, na nilikuwa na daftari langu la misemo linazunguka darasani kama sahani ya mahamri. Kulikuwa na misemo ya kukimbia, ya kulia, ya njaa, ya hali ya hewa, mtoto anaimeza yote halafu anaitapika kwa karatasi, awe anaandika harusi ama mazishi. Anayechana mbuga na kulia machozi njia mbili mbili anapata 36, 37, mzazi anashukuru, mimi nasifiwa ofisini.

Siku moja msichana mmoja akaniandikia insha ya kwenda kuteka maji wakati mifereji imekauka. Hakuna methali, hakuna matlai. Kulikuwa na sentensi inasema, “Nilifika nyumbani na nusu ya maji, nusu nyingine barabara iliinywa.” Nikampa 22, nikaandika kwa wino mwekundu, tumia tamathali za lugha! Yaani tamathali iko mbele ya macho yangu na mimi siioni kwa sababu haikuwa kwa daftari langu. Hiyo sentensi naikumbuka mpaka leo. Za wale wa 37 sikumbuki hata moja.

KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, mtaala umebadilika, lakini daftari la misemo halijastaafu, naona bado linauzwa fotokopi. Usilichome. Misemo si dhambi, hata kuchana mbuga kuna mtu aliiona kwanza kwa macho yake, shida ni mtoto kuambiwa asione tena kingine. Wewe tafuta dakika 15 kila Ijumaa, waandike kitu kidogo bila maksi, mfano mikono ya mtu mmoja wa kwao ikifanya kazi, na ukimaliza uwasomee ukurasa mmoja wa kitabu kwa sauti, tena usiwaulize dhamira ni nini. Wasikilize tu. Itakuwasha ulimi kuuliza, najua, jizuie.

SWALI: Shairi bila vina na mizani ni shairi kweli? (Mpenda tungo, Lamu)

Huu ugomvi una umri wa kutosha kuoa. Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974 wapo waliosema hizo ni insha zimekatwakatwa, na leo mashairi huru yako kwa vitabu vya sekondari, kwa hivyo kesi nadhani imeisha. Mimi nachapisha yote mawili. Ila wengi wanaonitumia mashairi huru wanakimbia kuhesabu, sio kwamba wana uhuru, na ukisoma kwa sauti unajikwaa kila mstari. Andika tarbia kumi kwanza, yaani mashairi ya mishororo minne kila ubeti, mizani 16 kila mshororo, 8 kwa 8, hata kama utazitupa. Na nyinyi wa vina, kubandika “jama” mwisho wa mstari ili tu kina kikae, jamani, hiyo tunaiona.

SWALI: Mnalipa? (Hakuandika jina)

Tunalipa, shilingi 2,000 kwa hadithi na nakala 2 za gazeti, na pesa huchelewa. Shairi ni nusu ya hiyo. Ukituma andika namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako mwenyewe, manake mwezi juzi pesa ya mshairi mmoja ilimwendea shemeji yake na mpaka leo hawaongei.