Ukifika Napa, tazama jengo kwanza

Watu wetu wakifika California huuliza njia ya San Francisco wakapige picha na daraja. Wanaofika bonde la Napa ni wachache, na wengi wao hupanda gari la watalii, huzungushwa viwanda vinne vitano vya mvinyo kwa siku moja, na jioni vyote vimechanganyika kichwani. Mimi nakushauri uchague kimoja chenye kitu cha kutazama, ukipe nusu siku. Na kama unapenda majengo, chagua Quixote.

Kiko upande wa mashariki wa bonde, pembeni mwa Silverado Trail, katika eneo la Stags Leap. Ni eneo lililojulikana duniani mwaka 1976, pale mvinyo wa jirani mmoja, zao la 1973, ulipozishinda chupa za Kifaransa mjini Paris kwenyewe. Usitarajie jumba refu. Utaona kuba la dhahabu lenye umbo la kitunguu likichomoza kati ya miti na mizabibu, na shemeji yangu aliyekuwa akiendesha aliuliza kama tumekuja kuswali.

Aliyelibuni ni Friedensreich Hundertwasser, mzaliwa wa Vienna mwaka 1928, mchoraji wa picha aliyeingia kwenye majengo akiwa tayari na jina. Mstari ulionyooka aliuita kitu kisicho na Mungu. Carl Doumani, mwenye shamba wakati huo, alimkabidhi kazi hiyo na ujenzi ukachukua miaka. Hakuacha jengo jingine Marekani. Alifariki mwaka 2000.

Mimi nasimamia ujenzi hapa Kampala. Kutwa nabishana na mafundi juu ya timazi na pimamaji. Ukuta ukipinda kidogo, unabomolewa. Sasa fikiria mtu wa aina hiyo kusimama mahali ambapo nguzo hazifanani, madirisha kila moja na sura yake, vigae vya rangi vimetapakaa, na sakafu inapanda na kushuka chini ya viatu. Ningeona hivyo Ntinda ningemfukuza fundi. Pale nilianza kuhesabu gharama: kupindisha kwa makusudi, bila maji kupenya na bila nyufa, kunataka fundi hodari kuliko kunyoosha. Kwa hiyo usikimbilie glasi. Omba uzunguke nje kwanza, uguse nguzo, utazame mahali kigae kinapokutana na plasta. Na dada zangu, acheni viatu vya kisigino kirefu hotelini. Sakafu ile haina huruma.

Paa ndilo lililonishika. Juu yake kuna udongo, nyasi na miti. Hundertwasser aliamini kwamba ardhi unayoifunika kwa nyumba huna budi kuirudisha juu ya nyumba hiyohiyo. Sisi tuliokulia karibu na Kasubi, kwenye makaburi ya wafalme wa Buganda, tunajua paa la nyasi, lakini zile ni nyasi kavu, zilizofungwa mafungumafungu, na ndani pete 52 kwa idadi ya koo za Baganda. Hizi za Napa zinaota. Mwaka 1967 Hundertwasser alisafiri Uganda na Sudan. Alichokiona kwetu siwezi kukisemea, ila nilipokuwa chini ya paa lile sikuacha kujiuliza. Nikatazama pia vilima vyetu vya Kampala vilivyofunikwa mabati, na maji yanayoteremka hadi mtaa wa bondeni wa Bwaise kila mvua ikinyesha, nikaona huyu Mwaustria alikuwa na hoja hata kwa asiyekunywa tone.

Tuje kwenye glasi. Hupokelewi kwa kupita tu. Weka miadi mapema, na ubebe pasipoti, kwani aliye chini ya miaka 21 hapewi. Kuonja kunalipiwa, na kwa shilingi yetu kunauma, ndiyo maana nasema kiwanda kimoja kinatosha. Omba Petite Syrah. Ni mvinyo mweusi kama wino, wenye ukakasi unaokamata ulimi, kwa hiyo kula kabla ya kwenda. Kutema kwenye chombo si utovu wa adabu, ndivyo wanaojua wanavyofanya. Mpokeaji wako mweleze habari za tonto, pombe yetu ya ndizi: mbidde, yaani ndizi za pombe, zinavyoivishwa shimoni, zinavyokamuliwa kwa nyasi, mtama wa kukaanga unavyotiwa na yote kulala kwenye mtumbwi wa mti. Wetu alisahau saa. Akatupeleka hadi kwenye mapipa na kutueleza kazi yake kama mtu anayezungumza na wenzake, si kama mtu anayeuza.

Usiendeshe. Polisi wa California wana kawunyemu yao, kile kipimo cha pombe kwenye pumzi, na wewe uliyezoea kushika kushoto utakuwa kwenye barabara ya kushika kulia. Tafuta ndugu asiyekunywa au ulipie dereva.

Ukinunua chupa, iulizie sanduku la kusafirishia, au iviringe kwenye nguo nzito na kuiweka katikati ya sanduku linalokwenda chini ya ndege. Mkononi wataitwaa kabla hujafika mlangoni mwa ndege, na hawarudishi.