Simu ya Kijana Kwenye Usukani: Kazi ya Serikali au ya Mzazi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa kwanza ana umri wa miaka 17 na amepata leseni ya udereva mwezi uliopita. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuishi mabishano. Mume wangu anasema kwamba serikali haina haki ya kumwekea kijana wetu masharti ya simu wala ya abiria, kwa kuwa sisi ndio tuliomlea na ndio tunaomjua. Mimi naona kwamba pasipo sheria, neno langu halifiki popote akishafunga mlango wa gari. Je, ni nani kati yetu aliye sahihi?
Mama wa dereva mpya

JIBU: Dada yangu, kabla ya kuwaamua, tuangalie kwanza ukubwa wa jambo lenyewe. Gari linalokwenda mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde, kwa hiyo kijana anayeinamia simu kwa sekunde 5 ili asome ujumbe mfupi huwa ameendesha zaidi ya mita 110 bila kuiona barabara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba uwezekano wa dereva anayetumia simu kupata ajali ni takriban mara 4 ya ule wa asiyeitumia. Hatari hiyo haimwachi hata dereva mzoefu, lakini yeye angalau mambo mengi ya usukani anayafanya kwa mazoea, ilhali mgeni bado anawaza vioo, breki na umbali wa gari lililo mbele yake, wala hana umakini wa ziada wa kukigawia kitu kingine. Tena simu haiko peke yake. Utafiti uliofanywa Marekani kuhusu madereva wa miaka 16 na 17 ulionyesha kwamba hatari yao ya kufa katika ajali iliongezeka kadiri idadi ya abiria waliowabeba ilivyoongezeka.

Mume wako angekuwa na hoja nzito iwapo mwanenu angekuwa anaendesha ndani ya ua wenu. Barabara ni ya watu wote, na mtembea kwa miguu anayevuka mbele ya gari hilo hakuulizwa mlipomkabidhi kijana ufunguo. Haki ya serikali ya kuweka masharti inatoka hapo, wala si katika kudhani kwamba inawajua watoto kuliko wazazi wao.

Hata hivyo, nawe usiitegemee sheria kwa mambo isiyoyaweza. Jimbo la New York lilipiga marufuku kushika simu wakati wa kuendesha mwaka 2001, na mwaka 2007 Washington likawa jimbo la kwanza la Marekani kuwakataza madereva wote kuandika ujumbe. Taasisi moja ya takwimu za bima nchini humo ilipochunguza majimbo manne mwaka 2010, haikuona madai ya fidia za ajali yakipungua baada ya marufuku ya kuandika ujumbe. Wachunguzi walishuku kwamba baadhi ya madereva waliishusha simu hadi mapajani ili askari asiione, na kwa kufanya hivyo wakazidi kuyaondoa macho yao barabarani. Askari aliyesimama kando ya njia hawezi kuona yanayofanyika chini ya usukani, na wala hawezi kukisia umri wa kila dereva anayempita. Ndiyo maana jimbo la New Jersey, kuanzia mwaka 2010, liliagiza madereva vijana wenye leseni za masharti wabandike kibandiko chekundu kwenye kibao cha namba cha gari, hatua iliyolalamikiwa na wazazi wengi waliohofia kwamba watu wabaya wangewatambua watoto wao.

Sheria ninayoiamini zaidi ni ile ya leseni ya hatua kwa hatua. New Zealand iliianzisha mwaka 1987: kijana huanza na leseni ya mwanafunzi, kisha hupewa leseni yenye masharti, ambayo haimruhusu kuendesha usiku wa manane wala kubeba abiria pasipo dereva mzoefu kando yake, na mwishowe hupata leseni kamili. Florida ilifuata mfumo wa aina hiyo mwaka 1996, na majimbo mengine ya Marekani yakafanya vivyo hivyo. Sifa yake ni kwamba inamwondoa kijana katika mazingira ya hatari kabla hajajaribiwa, badala ya kungoja anaswe. Lakini mwambie mume wako jambo hili: anayejua saa ambayo kijana ametoka na rafiki zake ni nani, kama si ninyi? Sheria hiyo inawapa ninyi nguvu. Mzazi anayemkatalia mtoto kwa neno lake tu huonekana mkali. Mwenye sheria nyuma yake hana haja ya kubishana.

Sasa niwaulize jambo ambalo wazazi hawapendi kuulizwa. Kijana akiwa njiani, ni nani humpigia simu kuuliza amefika wapi? Mara nyingi ni mama au baba, na kijana aliyefundishwa adabu huona ni utovu wa heshima kutoipokea. Kubalianeni naye kwamba simu isiyopokelewa maana yake ni kwamba yuko barabarani, na kwamba atawapigia akishaegesha. Mpatano huo uandikwe, utaje na siku ambazo ufunguo utarudi kwenu mpatano ukivunjwa, na baba yake aufuate pia anaposhika usukani, kwani kijana huyo amekaa kiti cha nyuma miaka mingi akimtazama. Msiache kuketi kando yake kwa sababu tu amepata leseni. Miezi ya kwanza ya kuendesha peke yake ndiyo yenye ajali nyingi zaidi.

SWALI: Binti yangu anasema kwamba akivaa visikilizio masikioni mikono yake inabaki kwenye usukani, kwa hiyo hakuna ubaya. Sheria ya tunakoishi haimkatazi. Nimruhusu?
Baba mwenye mashaka

JIBU: Usimruhusu. Tafiti za wanasaikolojia zimeonyesha mara nyingi kwamba mazungumzo ya simu hupunguza wepesi wa dereva kutambua hatari hata kama mikono yake yote miwili iko huru, kwa sababu kinachochukuliwa na simu ni fikra. Simu nyingi za kisasa zina mpangilio unaonyamazisha ujumbe gari linapotembea, na baadhi humjibu mtumaji zenyewe kwamba mwenyewe anaendesha. Uwasheni pamoja, kwenye simu yake na kwenye yako.